Kisu cha Mnadani

Kisu nilikinunua Msalato, kwenye mnada wa Jumamosi, kwa shilingi elfu sita. Muuzaji alianzia elfu kumi. Alikuwa ametandika turubai chini, jirani na wauza kamba na kengele za ng'ombe, juu yake amepanga sime, mapanga, shoka zisizo na mpini na rundo la visu vya kila namna. Nilipoinama kuchagua akanielekeza upande wa pili, kwenye visu vyembamba vya mpini wa plastiki.

"Vya jikoni viko huku, dada."

"Sitaki cha jikoni."

"Sasa wataka cha kazi gani?"

Swali zuri, ila sikuwa na jibu la haraka. Nilitaka kisu cha kutembea nacho shambani: cha kukata kamba, kuchonga kijiti, kumenya muwa, kuchuna mbuzi ikibidi. Kisu kisichokunjwa, ambacho chuma chake kimeingia ndani ya mpini na kukaa. Nikamwambia "cha kazi zote," akacheka, akanipa kimoja ambacho mpini wake ni wa mti uliofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na ala yake ni ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa kwa waya. Chuma kilikuwa kinene mgongoni, na kwenye ubapa yalionekana bado mabonde madogo ya nyundo. Akakigonga kwa ukucha. Kikalia.

"Spring hiyo," akasema. "Ya lori. Hakifi."

Neno hilo ndilo lililoninunulisha. Marehemu baba yangu alikuwa na kisu cha spring ya lori. Katika ujana wake alifanya kazi ya utingo kwenye magari ya mizigo, na spring ya gari lao ilipokatika njiani, kipande kimoja akaenda nacho kwa mhunzi. Hicho kisu kilichinja, kilijenga mazizi, kilinichongea mimi kalamu za risasi za darasa la kwanza. Baba alipofariki, vitu vyake viligawanywa kama vinavyogawanywa vitu vya marehemu. Redio ilikwenda kwa kaka, fimbo kwa kaka mwingine, kisu kwa baba mdogo. Mimi nilipewa miwani na madaftari, kwa kuwa ndiye "msomi". Mtu mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba kisu ni cha wanaume. Sikubisha. Msibani watu hawabishani juu ya kisu.

Basi nikarudi na changu Chang'ombe, ninakoishi. Kwa wasioijua Dodoma: hii si Chang'ombe ya Dar es Salaam. Ni kata ya humu humu jijini, nyumba zimebanana, watu walijenga kwanza na ramani zikaja baadaye. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikaundwa mamlaka ya kuustawisha, mamlaka hiyo ikavunjwa 2017, na Chang'ombe imekuwepo muda wote huo ikiendelea na maisha yake. Jina lake lina ng'ombe ndani, ingawa ng'ombe wengi ninaowaona siku hizi wamesimama juu ya Fuso.

Kisu kipya cha mnadani hakikati. Hilo mtu aelewe mapema. Kinakuwa kimefuliwa, kimepigwa tupa kidogo, na makali ni kazi ya mnunuzi. Mimi sikuwa na jiwe wala ujuzi. Nikamsubiri kijana anayepita na baiskeli yenye gurudumu la kunolea. Anaisimamisha, anapiga pedeli, gurudumu linazunguka, cheche zinaruka hadi watoto wanashangilia. Dakika tatu, shilingi mia tano. Kisu kikakata nyanya kama maji. Niliona ajabu moja tu: ukingo wa makali, kuanzia katikati mpaka nchani, ulikuwa umepata rangi ya bluu. Nikaona ni pambo.

Wiki haikuisha. Nilijaribu kukata kamba ya katani, makali yakajikunja kama ukingo wa kopo. Nikanoa tena kwenye ngazi ya saruji ya nyumba, yakajikunja tena.

Mtaa wa tatu kutoka kwangu, chini ya banda la bati, yupo mzee anayefua majembe, patasi na sululu. Mivukuto ya ngozi hana; ana feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli. Nilimwamkia kwa shikamoo, kisha kwa "mbukwa" ya kwetu, akaitikia zote mbili. Akakichukua kisu, akakitazama juani, wala hakukigusa makali.

"Nani kakichoma hiki, mwanangu?"

Nikaeleza habari za baiskeli.

"Kijana hana kosa, anataka kuwahi mteja mwingine. Lakini chuma kikipata moto mpaka kikawa bluu kimeshalegea. Bluu ni nzuri kwa spring. Spring inatakiwa ipinde, irudi. Makali yakiwa spring, utakata nini?"

Nimesoma chuo kikuu, na mwaka mzima niliwahi kuandika habari za viwanda. Hakuna aliyewahi kunieleza ugumu wa chuma vizuri kama mzee yule kwa sentensi zile nne. Akaling'oa gurudumu la tyubu, akatoa mpini, akakizika kisu kwenye mkaa. Kilipoanza kuiva wekundu akakigusisha sumaku ya spika mbovu. Sumaku ikanata. Akakirudisha. Mara ya tatu sumaku haikunata, na hapo hapo akakitumbukiza kwenye kopo la oili chafu ya injini. Moshi, harufu, kelele. "Sasa kiko kama kioo. Kikianguka kitavunjika." Akakisugua msasa upande mmoja mpaka kikang'aa, akakiweka juu ya bati lenye moto mdogo, tukakaa tukitazama. Rangi ilikuja polepole kutoka mgongoni: njano hafifu, kisha njano ya majani makavu ya kiangazi. Ilipofika kwenye makali akakitoa. Angengoja zaidi ingekuja kahawia, kisha zambarau, kisha ile bluu yetu.

Nikamuuliza kama baba yake naye alikuwa mhunzi. Akasema ndiyo, na babu yake. Ila babu, alisema, alijua habari za chuma cha ardhini. "Sisi ni wa chuma cha gari."

Sentensi hiyo ilinikosesha usingizi kidogo, nikaanza kusoma.

Kiswahili kinakumbuka mambo ambayo sisi tumeyasahau. Kamusi za zamani zinalo neno *pua* kwa maana ya chuma kigumu, na ndilo tunalolitumia bila kufikiri tunaposema chuma cha pua. Linalo pia tendo *kusana*, yaani kufua chuma, ambalo leo limebaki karibu ndani ya methali peke yake: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Waandishi wa habari tunasema makala "ipigwe msasa" bila kukumbuka kwamba msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti wenye majani yanayokwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Lugha yenye maneno haya si lugha ya watu waliongoja meli ilete visu.

Na kweli hawakungoja. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la *Science* matokeo yaliyowashangaza wengi: mababu wa Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni, yaani pua yenyewe, kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Watafiti hao hawakuchimba tu. Waliwaomba wazee waliokuwa wakikumbuka kazi hiyo waijenge tanuri upya na kuyeyusha mbele yao. Siri moja ilikuwa kwenye mirija ya mivukuto, ambayo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla haijafika kwenye mkaa. Nyingine ilikuwa kwenye matete ya kinamasi yaliyochomwa na kuwekwa chini. Ufipa nako walijenga matanuri marefu, yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Wapare waliyeyusha, na majirani zao wa Kilimanjaro wakanunua.

Ugogo kwetu habari ni nyingine. Hapa palikuwa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe haikuwa na pa kukwepea. Maji yalikuwa machache, na aliyeyamiliki alidai hongo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, wakalipa. Stanley akapita 1871 akimtafuta Livingstone, akalipa na kulalamika kitabu kizima. Kilicholipwa zaidi kilikuwa vitambaa, shanga na nyaya, lakini majembe ya chuma kutoka Unyamwezi nayo yalizunguka njia hizo kama fedha. Nikifikiria hivyo, chuma cha Ugogo tangu zamani ni chuma kilichopita, kikadaiwa, kikabaki. Mathias Mnyampala, mtoto wa Dodoma hii hii, ambaye wengi wetu tunamjua kwa ngonjera na mashairi, alichapisha mwaka 1954 *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni habari za koo na zilikotoka: huyu Uhehe, yule Unyamwezi, wengine kwingine. Ukikisoma na kisu cha spring mezani, watu na chuma unaona wana historia moja ya kuja na kukaa.

Kisha likaja chuma ambalo halikulipa hongo. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Kigoma 1914. Mchwa wa nchi hii walijulikana, kwa hiyo mataruma mengi yaliwekwa ya chuma badala ya mbao. Pamoja na treni ikaja shehena ya majembe na mapanga ya Ulaya, ya bei ambayo mtu wa tanuri, mkaa wa siku tano na mawe ya kubeba mgongoni hakuweza kushindana nayo. Sidhani kama kuna aliyekaa kikao akaamua kuua uyeyushaji. Jembe la dukani lilikuwa rahisi, basi. Mhunzi hakufa; aliyeyusha ndiye alikufa, na mhunzi akabaki kufua vilivyoharibika vya wengine.

Vilivyoharibika havikukosekana, hasa baada ya 1947. Kongwa, mashariki ya hapa, ndiko Waingereza walikokuja kulima karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaachia njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 timu ya John Wakefield ilizunguka nchi kwa wiki tisa, ikarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Nani katika wiki tisa aliuliza Wagogo kwa nini eneo lile halina watu wengi? Yakaletwa matrekta ya masalia ya vita, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta kiwandani kwa Vickers, yakaitwa Shervick. Mibuyu ikawashinda. Mvua ikawakosa. Lakini jambo lililonishika mimi, mwenye kisu butu mkononi, ni udongo. Udongo wa Kongwa ulikuwa na chembe za mawe magumu ya kwatzi zilizolikwangua jembe la plau kama msasa mkubwa usio na mwisho, na kiangazi kilipoingia ulikauka ukawa kama saruji. Waliileta nguvu ya vifaru kwenye ardhi ambayo kila siku ilikuwa ikila makali yao. Januari 1951 serikali ya London ilikubali yaishe. Hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36.

Mzee wa banda la bati anasema bwana aliyemfundisha baba yake alifua chuma cha Kongwa kwa miaka: meno ya plau, vipande vya minyororo, spring. Sina karatasi ya kuthibitisha hilo, na siihitaji sana. Chuma cha aina hiyo hakitupwi nchi hii. Kwetu Kongwa watu wazima wakisema kitu ni "cha karanga" wanamaanisha ni kizito na hakina faida, ila wazee wa nyumbani kwetu walilitamka kwa heshima fulani walipozungumzia chuma. Huyu mjukuu wa karanga ananiambia tena: Mzungu alipanda karanga, sisi tukavuna spring.

Hapa naomba nitoke nje kidogo. Rafiki yangu aliyesoma Sweden ananidhihaki kwamba ningeagiza tu kisu cha Mora. Ninakijua: mji wa Mora, jimbo la Dalarna, Frost-Erik Erson alianza karakana yake mwaka 1891, na mpaka leo visu vyao ni vya bei nafuu, vya mpini wa plastiki, vinavyopendwa na mafundi na watembea misitu. Kisu kizuri, sibishi. Ila mwaka huo huo wa 1891, Mmarekani Edward Acheson, akihangaika kutengeneza almasi bandia, aliangukia unga mgumu wa silikoni na kaboni ambao ndio umejaa kwenye mawe ya kunolea ya rangi mbili yanayouzwa kila duka la vifaa Dodoma. Na Agosti ya mwaka huo huo, kusini mwa hapa, kule Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski, kwa sehemu kubwa kwa mikuki. Mikuki ile ilifuliwa na mtu, ikanolewa na mtu. Jina la Frost-Erik tunalo. Nimetafuta jina la mhunzi mmoja wa mikuki ya Lugalo, hata mmoja, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi ya pauni zote za Kongwa.

Turudi kwenye kisu. Mzee alikataa kuninolea. Alinituma dukani nikanunue jiwe, nikalipata la shilingi elfu nne, upande mmoja kijivu na mwingine mweusi. Akanikalisha kwenye kigoda.

Jiwe linyweshwe maji kwanza. Anza na upande unaokwaruza. Kisu kisilale kabisa, wala kisisimame. Mgongo wake uinuke kiasi cha unene wa kidole cha mwisho, na ukishaupata mwinuko huo usiuache. Hilo ndilo gumu. Mkono unachoka, unainuka, na ukiinuka unayaua makali uliyotoka kuyatengeneza. Sukuma kana kwamba unataka kukata utando mwembamba juu ya jiwe, kutoka shinani hadi nchani, bila kukandamiza. Baada ya muda pitisha kidole gumba kwa upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje. Utasikia uzi mwembamba wa chuma umejikunja. Huo uzi ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni. Bila uzi bado unasugua tu. Ukiupata urefu wote, geuza. Kisha upande laini wa jiwe, kwa mkono mwepesi zaidi, na mwisho mkanda wa ngozi, ukivuta kinyume, mpaka uzi udondoke.

Siku ya kwanza nilitumia saa moja na nusu nikapata makali nusu kisu. Nusu nyingine, ile ya nchani ambako chuma kinapinda, ilibaki butu kwa siku nne. Kosa langu lilikuwa kutoinua kiwiko kufuata mpindo. Siku ya tano nilichukua gazeti, ukurasa wenye habari yangu mwenyewe ya bei za alizeti, nikalishika kwa juu na kushusha kisu. Kilipita kimya kimya, kikakata hadi jina langu. Mzee alitaka kujua kama habari yenyewe ilikuwa nzuri.

Mwezi wa tisa tulikwenda nyumbani, upande wa Kongwa, kumaliza mambo ya kaburi la baba. Mbuzi wawili walichinjwa. Nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, tunachambua mchele, nikawasikia wanaume wakilaumu kisu. Nikajua ni kipi hata kabla sijatazama. Baba mdogo alikuwa ameinama kwenye mguu wa mbuzi, anasukuma badala ya kukata, na ngozi inachanika ovyo.

Nikachukua kisu changu kwenye pochi, nikaenda, nikakitoa kwenye ala na kumpa kwa mikono miwili. Hakusema neno. Alichuna mguu wa kwanza, akatazama kisu, akachuna wa pili. Kile cha baba kilikuwa chini, kwenye jani la mgomba, kimeshika kutu karibu na mpini. Nikaomba nikichukue. Akanitikisia kichwa bila kuinua macho.

Nilikaa chini ya mkwaju na jiwe langu na bakuli la maji. Makali ya kisu kile yalikuwa na historia yake: upande wa kulia uliliwa zaidi, kwa sababu baba alinoa kwa mkono mmoja, juu ya jiwe la nje ya zizi, akizungumza na watu. Nusu ya kwanza ya kazi yangu ilikuwa kuamua kama nifuate mwinuko wake au nilete wangu. Nikafuata wake. Ilichukua muda mrefu. Nyama ilishatundikwa, wali ulishapakuliwa, mtoto mmoja akaletwa kuniita mara mbili. Uzi ulipotoka upande wote nikavuta kisu kwenye mkanda, nikakifuta mafuta ya kupikia ili kutu isirudi, nikampelekea.

Baba mdogo alikijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake. Vikaanguka. Akakirudisha kwenye ala yake, kile changu akanirudishia kikiwa kimeoshwa, kisha akauliza lile jiwe nimelinunua duka gani, na kama yapo makubwa zaidi.